Asistenti afundishwe kufundisha, lakini kwa saa za nani?

Katika vyuo vikuu vya Kongo, na hapa Lubumbashi tunaliona kila siku, mtu aliye karibu zaidi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni asistenti. Profesa hutoa mhadhara na kuondoka. Asistenti hubaki na kazi za vitendo, mazoezi, usimamizi wa mitihani na rundo la karatasi za kusahihisha. Mara nyingi yeye mwenyewe bado ni mwanafunzi wa uzamili au wa uzamivu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kupanga somo la saa mbili, ya kuuliza swali mbele ya umati likapata jibu, wala ya kutoa alama anayoweza kuitetea. Aliajiriwa kwa sababu alifaulu vizuri masomo yake. Swali ninalotaka kulipima ni kama mafunzo ya ualimu yawe sharti kwa kila anayeanza kazi hiyo, au yabaki nafasi ya hiari kwa anayeitaka.

Wanaodai sharti wana hoja nzito, na iliyo nzito zaidi inatoka humu humu nchini. Anayetaka kufundisha sekondari hupitia Taasisi ya Juu ya Ualimu, ile tunayoiita ISP, au akiwa na shahada ya chuo kikuu husomea agregasioni, yaani mafunzo ya nyongeza ya ualimu. Kwa njia zote mbili hufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, akasimama darasani huku mwalimu mzoefu ameketi nyuma akiandika makosa yake. Anayeingia katika oditoria ya chuo kikuu hadaiwi lolote la namna hiyo. Tunamkinga kijana wa sekondari dhidi ya mwalimu asiyefunzwa, kisha akishapata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, tunamwachia bahati yake.

Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioenezwa katika vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeiongezea hoja hiyo nguvu. Mfumo wa zamani, wenye miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, ulihesabu zaidi saa ambazo mwalimu alizungumza. LMD huhesabu kredi, 180 kwa lisansi, ambayo sasa ndiyo shahada ya kwanza, na 120 kwa masta, na ndani ya kila kredi imo kazi ambayo mwanafunzi huifanya peke yake. Kazi hiyo lazima mtu aibuni, aieleze, aifuatilie, kisha airudishe ikiwa na maoni yanayomsaidia mwanafunzi kusonga mbele. Mtu huyo ni asistenti. Kama analojua ni kusoma silabasi kwa sauti watu wakinakili, basi kredi itakuwa jina jipya la saa ileile.

Wanaopinga sharti, hata hivyo, hawapingi elimu, na nadhani tumewasikiliza vibaya. Wanauliza muda utatoka wapi. Asistenti ana tasnifu, ana mandati, yaani kipindi cha kazi kinachohesabiwa miaka, ana makala anazopaswa kuchapisha ili awe mkuu wa kazi, yule tunayemwita CT, na wengi hutafuta riziki ya ziada nje ya chuo ili nyumba ipate unga. Ukimwongezea mafunzo ya lazima bila kumpunguzia chochote, umemwekea mlango mwingine wa kubisha, na pengine ada nyingine ya kulipa. Wanahofia pia kwamba mafunzo yatageuka semina ya siku mbili, yenye hotuba za ufunguzi, picha ya pamoja na cheti, halafu Jumatatu kila mtu anarudi kufundisha kama alivyofundishwa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Semina za aina hiyo tumezihudhuria.

Hapa mfano wa Ufaransa unasaidia, kwa sababu mfumo wetu una undugu na wa kwao. Mwaka 1989 walianzisha vituo vya kuwaandaa wanafunzi wa uzamivu kwa ualimu wa chuo kikuu: kila aliyechaguliwa alifundisha saa 64 kwa mwaka, theluthi moja ya mzigo wa mhadhiri kamili, akalipwa kwa saa hizo na kupewa mafunzo sambamba nazo. Baadaye mpango huo ulibadilishwa, lakini hesabu yake ilibaki. Leo mhadhiri mpya anayekuwa katika mwaka wa majaribio hupunguziwa saa 32 za kufundisha ili apate mafunzo. Saa zinazotumika kujifunza hutolewa ndani ya kazi, hazichukuliwi usiku wa mtu. Bila hesabu hiyo, sharti lolote tutakaloandika Lubumbashi litawaangukia walio dhaifu kuliko wote.

Lipo jambo moja ambalo mafunzo yaliyonakiliwa kutoka nje hayataligusa, nalo linanigusa sana. Somo hutolewa kwa Kifaransa, lakini baada ya somo, kwenye ngazi za jengo au chini ya mti, wanafunzi humzunguka asistenti naye huwaeleza jambo lilelile kwa Kiswahili, mpaka nyuso zinafunguka. Huo ni ufundishaji wa kweli, tena wa ustadi mkubwa: kujua dhana gani isemwe kwa lugha gani, na lini mwanafunzi arudishwe kwenye istilahi ya Kifaransa atakayoulizwa kwenye mtihani. Hakuna anayeutazama wala kuusahihisha.

Kwa hiyo naegemea upande wa sharti, ila liwe dogo na liwe na saa zake. Muhula wa kwanza wa mandati, asistenti apunguziwe kundi moja la mazoezi. Mara tatu au nne CT akae nyuma ya darasa lake, naye akae nyuma ya darasa la CT. Na rundo la kwanza la mitihani walisahihishe pamoja, karatasi kwa karatasi. Nasema CT kwa makusudi. Maprofesa ni wachache, na wengi wao husafiri kufundisha katika vyuo vya miji mingine. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu, kwa hiyo wa kuwaandaa watazamaji hao hawahitaji kuletwa kwa ndege.

Linabaki suala la kupanda daraja. Jalada la asistenti likiendelea kupimwa kwa makala peke yake, atapeleka nguvu zake kwenye makala, na hatuna haki ya kumlaumu. Ripoti ya ukurasa mmoja ya yule aliyemtazama akifundisha, ikiwekwa ndani ya jalada hilo na kusomwa kweli na baraza la kitivo, ingetosha kuanzia.