VAT ya hoteli ishushwe, na petroli ya boti isisahauliwe

Chumba cha shilingi 10,000 hapa Malindi, mgeni hakilali kwa 10,000. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inaongeza 1,600, tozo ya utalii ya asilimia 2 inaongeza 200, mfukoni zinatoka 11,800. Familia ya Nairobi ikilala siku tano, hizo ni shilingi 9,000 zaidi ya bei ya mwenye hoteli. Pesa hizo zingelipia boti ya kioo ya kwenda kuona samaki na matumbawe, samaki wa kupaka wa jioni, na bado ibaki ya kununulia kikoi.

Kwa hiyo nataka VAT ya vyumba na chakula ishushwe, tena sana. Kusi ikianza kuvuma, Mei na Juni, hoteli hufunga milango na wahudumu huambiwa wakae nyumbani hadi waitwe. Bei nafuu ndiyo ingewaleta Wakenya wenzetu miezi hiyo.

Kuna wanaosema punguzo lilishajaribiwa likashindwa. Tarehe 1 Aprili 2020 serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Lakini ndege za kutoka nje zilikuwa zimeshasimamishwa Machi, na mwezi huo huo wa Aprili Kilifi nzima ikafungwa, haingii mtu wala hatoki. Vitanda vitupu havinufaiki na punguzo lolote. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ikarudi 16, wageni ndio kwanza wanaanza kurejea! Uingereza ilishusha ya hoteli na mikahawa kutoka 20 hadi 5 Julai 2020, ikaipandisha hadi 12.5 Oktoba 2021, na 20 haikurudi hadi Aprili 2022. Wafanyabiashara walipewa muda wa kusimama.

Hofu iliyo na msingi ni kwamba wenye hoteli watalimeza punguzo lote. Ufaransa mwaka 2009 ilishusha kodi ya mikahawa kutoka asilimia 19.6 hadi 5.5, na bei za vyakula zikashuka kidogo tu. Basi hapa kwetu atakayepewa nafuu aonyeshe ama bei imeshuka, ama wafanyakazi wake hawakurudishwa nyumbani msimu wa kusi.

Linaloniuma zaidi ni wadogo. Biashara isiyofikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa VAT. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne kule Lamu hamtozi mgeni kodi hiyo, ila yeye mwenyewe anailipa kwenye umeme na hawezi kuidai irudishwe. Nahodha wa boti naye anailipa kwenye petroli, na hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. VAT ya hoteli kubwa ikishuka peke yake, bei ya hoteli inasogea karibu na ya yule mdogo, na yeye gharama zake ziko pale pale. Tutakuwa tumemwongezea mshindani.

Wabunge wetu wa Kilifi na Lamu wadai mambo mawili kwa pamoja katika mswada wa fedha: vyumba na chakula asilimia 8 kwa miaka mitatu bila kuguswa, na petroli nayo irudi 8. Wakileta la kwanza pekee, mimi sitalipigia makofi.