Waya mbili kwa spika moja: faida yake siioni

Ukigeuza spika nyingi za sebuleni, hasa hizi za Ulaya zinazoingia zikiwa zimeshatumika, utakuta nyuma vifungio vinne vya waya badala ya viwili. Vya juu ni vya tuita, yaani ile spika ndogo ya ndani inayotoa sauti nyembamba, vya chini ni vya wufa, ile kubwa ya besi, na kuna vibati vidogo vya rangi ya dhahabu vinavyoviunganisha. Muuzaji atakwambia uvitoe hivyo vibati, ununue waya mara mbili, jozi moja iende juu na nyingine chini, zote zikitoka kwenye amplifaya ile ile. Hiyo ndiyo bai-wairingi. Ataahidi besi kavu na sauti za waimbaji zilizo wazi zaidi. Mimi nasema hela hiyo usiitoe.

Watetezi wake si watu wa kubahatisha. Richard Vandersteen, mtengenezaji spika wa Marekani, ameipigia debe njia hii miaka mingi. Na hoja yao ina ukweli ndani yake: ukishatoa vibati, mkondo wa umeme hugawanyika kweli. Krosova, yaani kile kigawa sauti kilichomo ndani ya spika, ina kapasita inayozuia sauti nzito zisifike kwenye tuita, na koili inayozuia sauti nyembamba zisifike kwenye wufa. Kwa hiyo waya wa chini hubeba mkondo mkubwa wa besi, wa juu hubeba mkondo mdogo wa zile sauti kali. Hilo linapimika, wala sibishani nalo.

Ninalobisha ni kwamba mgawanyiko huo unabadilisha kinachotoka kwenye spika. Waya zote mbili zinaanzia kwenye vifungio vile vile vya amplifaya, kwa hiyo volti inayoingia ni moja. Tofauti pekee iliyobaki ni volti kidogo inayopotea njiani kwa ukinzani wa waya. Chukua waya wa milimita za mraba 2.5, unene ule ule ambao mafundi umeme wanavutia soketi za nyumba. Kwa mita 3, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.04 (omu ni kipimo cha ukinzani). Spika ni omu 8. Unachopoteza hakifiki hata desibeli 0.05 za ukubwa wa sauti, na sijui sikio la mwanadamu litakalokikamata hicho ndani ya muziki.

Hata hicho kidogo ukikifuatilia, hakimdhuru mtu. Ngoma ikipiga, volti inayopotea kwenye waya kwa sababu ya ngoma ni volti ya besi. Ikifika kwa tuita inakutana na kapasita ile ile, inazuiwa hapo hapo. Waya wa shaba hauchanganyi mawimbi ukazaa mengine mapya. Kila wimbi linapita kana kwamba mwenzake hayupo. Ndiyo maana maneno kwamba "besi inachafua sauti nyembamba ndani ya waya" hayaniingii akilini. Wengine husema umeme ambao wufa huuzalisha inapotikisika hurudi kwenye waya na kuisumbua tuita. Lakini koili iliyo ndani ya wufa yenyewe peke yake ina ukinzani wa kama omu 6. Hiyo ndiyo inayoutawala. Waya hauna usemi wowote hapo.

Sasa mbona watu wanaapa wamesikia tofauti? Naamini wengi wao wameisikia kweli. Tazama kinachofanyika siku ya kubadilisha. Waya wa zamani unatolewa, na kwa sisi wa mwambao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja, hewa ya chumvi huwa imeshaula: ncha zimeota ukijani, skrubu imelegea, vibati vimepauka. Unakata ncha mpya zinazong'aa, unakaza kila kitu. Sauti ikifunguka, sifa anapewa waya wa pili, wakati kazi imefanywa na usafi. Kuna na jambo baya zaidi. Ukiwa na ncha nane za kufunga kwenye kila spika, nne huku na nne kule, ni rahisi kugeuza nyekundu na nyeusi kwenye jozi moja. Tuita na wufa zitaanza kupingana pale zinapopokezana, na hiyo tofauti utaisikia hata ukiwa jikoni. Mtu anaweza kuiita uwazi.

Anayetaka kujua kwa haki alinganishe shaba kwa shaba. Waya zile zile mbili, kwanza kwa bai-wairingi, kisha zote mbili pamoja kwenye jozi moja ya vifungio na vibati vikiwa mahali pake. Mtu mwingine abadilishe, wewe usijue ipi ni ipi, na kitufe cha sauti kisiguswe, maana kilichozidi kidogo tu kwa ukubwa sikio hukiona kizuri. Kampuni ya Dynaudio ya Denmark kwa miaka mingi imetengeneza spika za jozi moja tu ya vifungio.

Waya una umuhimu wake, tena mkubwa, ukiwa mwembamba na mrefu. Ule wa milimita za mraba 0.5 ukivutwa mita 10 una karibu omu 0.7, na kwa spika ya omu 4 hapo unapoteza zaidi ya desibeli moja. Nunua mnene, basi. Kinachobaki kipeleke chumbani. Nyumba zetu ni matofali ya saruji, vigae sakafuni na vioo vya alumini. Sauti inagonga na kurudi. Zulia zito, mapazia, spika kutolewa ndani ya kabati la TV na kusogezwa mbali na kona: haya utayasikia wimbo wa kwanza tu.

Utengano wa kweli upo, lakini huo hugawa sauti kabla ya amplifaya, tuita na wufa kila moja ikawa na amplifaya yake, kama Genelec ya Finland inavyofanya tangu 1978 kwa spika za studio. Na ukiamua kutumia amplifaya mbili kwenye spika zako za vifungio vinne, toa vibati kabla ya kuwasha. Ukivisahau, umeunganisha amplifaya moja na nyingine mdomo kwa mdomo, na hapo kuna kuungua.