Mshikaki wa barabarani unashtakiwa kwa kosa la nani?

Kipindupindu kikitangazwa katika miji yetu, mtu wa kwanza kuambiwa azime jiko huwa ni muuza mishikaki. Anayemfuata ni mkaanga samaki. Hoteli yenye kiyoyozi, hatua chache kutoka hapo, inaendelea kupakua.

Bwana afya ana hoja, na kwenye samaki hoja yake ni nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali. Jodari au kibua aliyelala juani tangu asubuhi hujenga histamini, yaani sumu inayotokea samaki anapoanza kuharibika, na histamini haifi kwa moto. Unaweza kumchoma hadi ngozi ikauke, ukamkamulia ndimu, akanukia vizuri, na bado nusu saa baadaye uso ukakuwaka, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio. Samaki aliyebaki jana akarudishwa kwenye mafuta leo jioni ni hatari ya kweli. Hapo sitamtetea mtu.

Lakini njoo kwenye jiko lenyewe. Mshikaki wa kondoo, pale unapopatikana, ni vipande vidogo vilivyolala kwenye ukwaju, tangawizi, saumu na papai bichi, na katikati ya nyama mchomaji hupachika kipande cha mafuta ya mkia ili yatiririke na kuilainisha. Umesimama mbele yake. Umeiona nyama ikiwa mbichi, umeona ikigeuzwa, unaipokea ingali inachemka na unaila hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifike nyuzijoto 70 hadi ndani kabisa, na kipande kidogo hivyo juu ya mkaa uliokolea hakichukui muda kufika. Ni jiko gani la hotelini linalokuruhusu kuona yote hayo? Huko chakula hukaa kwenye sinia saa nzima, saa mbili, kikipoa taratibu, na mlaji hajui kilipikwa lini.

Ndiyo maana kisa cha Nairobi cha mwaka 2017 hakinitoki akilini. Mwezi Juni, makumi ya watu waliohudhuria kongamano la afya katika hoteli kubwa ya jiji waliugua kipindupindu. Watu wa afya, nasisitiza, tena ndani ya hoteli. Mwezi uliofuata wakaugua wengine, safari hii kwenye maonyesho ya biashara katika jumba la mikutano la KICC, katikati ya jiji. Hakuna aliyesema hoteli zote za Nairobi zifungwe. Zilikaguliwa, zilizokutwa na kasoro zikafungwa, nyingine zikaendelea. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na ndio ninaoudai kwa mchoma mishikaki: akaguliwe yeye, jiko lake na ndoo yake, asihukumiwe kwa sababu tu amesimama barabarani.

Na ukikagua kwa makini, utakuta moto si mkosaji. Utakuta beseni moja la maji linalosuuza sahani za jioni nzima. Utakuta kachumbari iliyooshwa kwa maji hayo hayo, na barafu isiyojulikana ilikogandishwa. Yote matatu ni habari ya maji, na maji ya mtaa hayamo mikononi mwa mchomaji. Tanzania Bara, tangu mwishoni mwa 2018, wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Kitambulisho kilimpa nafasi ya kusimama pale bila kukimbizwa, mfereji hakikumletea.

Bustani ya Forodhani, Unguja, ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2009 kwa kazi ya taasisi ya Aga Khan: ukuta wa bahari, mifereji ya maji machafu, taa, na sehemu ya wachomaji kupanga meza zao. Majiko yalibaki pale pale kando ya bahari. Kasoro zipo bado. Bei hupanda mgeni akitokea, na pweza wa jana hajatoweka kabisa. Lakini bustani ile inaonyesha kwamba kumwekea mchomaji miundombinu kunawezekana bila kumfukuza.

Mimi naendelea kula. Samaki namchagua akiwa mbichi bado, nafunua shavu nione wekundu, ndipo nasubiri achomwe. Kachumbari naiomba pale tu ninapoona mfereji.