Kibera: laki moja na sabini elfu, au milioni?

Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na wengi hawakuamini. Kwa miaka mingi mtaa huo ulitajwa kuwa na nusu milioni, milioni, hata zaidi.

Tuanze na ardhi. Mabanda, kuanzia Kianda hadi Laini Saba, yamekaa kwenye kilomita za mraba 2.5 hivi. Wagawie watu milioni moja, na kila mmoja anabaki na mita za mraba 2.5: godoro na pa kuvulia viatu. Hapo bado hujatoa reli, vichochoro, makanisa, shule na mitaro. Nyumba nyingi hazina ghorofa, na chumba cha kawaida ni futi kumi kwa kumi, kama mita za mraba 9. Hata nusu ya ardhi yote ingekuwa vyumba, bila duka hata moja, kila chumba kingelaza watu zaidi ya 7.

Wanaotetea namba kubwa wana hoja, tena si ya kupuuzwa. Sensa huandika waliolala mahali usiku mmoja, na ule ulikuwa usiku wa Agosti 24, wakati wa likizo. Mtoto aliyepelekwa ushago, yaani kijijini kwao, huhesabiwa hukohuko. Naye mpangaji asiyetaka landilodi ajue amekaribisha binamu wawili hutaja watu wachache. Lakini mapengo ya aina hii hayamezi laki nane.

Kuhesabu mapaa kwenye picha za setilaiti nako kuna mtego wake. Paa moja la mabati linaweza kufunika milango kumi, mmoja kinyozi, mwingine mtupu. Ukikosea mtu mmoja tu kwa kila chumba, kwenye vyumba 50,000, umezaa watu 50,000 kwa kalamu. Afadhali kuchagua ploti chache kwa bahati nasibu, kubisha kila mlango, kisha kuzidisha.

Namba kubwa huvuta wafadhili, sikatai. Ila kwa choo kimoja kwa kila watu 20, milioni moja wanahitaji vyoo 50,000, na hapo kila ofisi hukata tamaa. Kwa 170,000 ni vyoo 8,500: kazi kubwa, lakini unaweza kuipangia bajeti.

Hata hiyo namba ndogo haioni kila kitu. Wengi ni wapangaji, vijana na watoto wao. Wazee ni wachache. Kodi ikipanda au kibarua kikihama, familia huondoka na nyingine huingia chumba kilekile. Jumla inaweza kutulia huku watu wenyewe wamebadilika. Mtoto aliyechanjwa Lindi, sehemu mojawapo ya Kibera, akiwa na wiki 6 haonekani akifika miezi 9, na daftari la kliniki linasema amekatiza chanjo. Kumbe mama alihamia Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, na sindano ya surua mtoto ameshaipata huko.