Sokoine ikarabatiwe, lakini tuanzie chini ya nyasi

Mjadala wa kukarabati Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya una siku zake nne kwa msimu: Simba na Yanga wakija kwa Mbeya City, kisha wakija tena kwa Tanzania Prisons. Siku hizo bajaji za kutoka Mwanjelwa na Kabwe zinabeba jezi tangu saa nne asubuhi, gesti zinajaa, na mtu aliyekaa mzunguko kwenye sementi tangu mchana anatoka akilalamika kwamba jiji lenye uwanja wa ndege, hospitali ya rufaa ya kanda na vyuo vikuu haliwezi kuendelea kuangalia mpira namna hii. Wiki inayofuata Prisons wanacheza na timu isiyo na jina kubwa, watu wanahesabika, na mjadala unalala hadi mkubwa mwingine apande mlima.

Tangu Mbeya City warudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, jiji lina timu mbili tena na hoja imepata nguvu mpya. Wanaotaka ukarabati wanasema uwanja mzuri utaleta mashabiki na matukio makubwa. Wanaopinga wanasema hiyo ni hela ya kumwaga kwenye jengo la chama cha siasa, ilhali mashabiki wanafuata timu, hawafuati viti. Mimi niko upande wa ukarabati, ila sababu ninayoisikia mara nyingi naona ndiyo dhaifu kuliko zote.

Sababu hiyo ni matukio makubwa. Inasikika vizuri, na si ya kubeza. Fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, shirikisho la soka nchini, imezungushwa mikoani kwa miaka mingi: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Kigoma 2021, Tanga 2023. Mwaka 2020 ilikwenda Sumbawanga, kwa jirani zetu kabisa, Simba wakawafunga Namungo 2-1 pale Nelson Mandela. Mtu wa Mbeya aliyepanda basi kwenda Rukwa kuangalia fainali ana haki ya kuuliza kwa nini isiwe kwake. Sokoine yenyewe si ngeni kwa shughuli nzito, kwani sherehe za Mei Mosi kitaifa za mwaka 2019 zilifanyika hapo. Tena jiografia inatupa faida: Tunduma na Kasumulu, milango ya Zambia na Malawi, ni safari ya saa chache tu. Barabara ya njia nne ya kilomita 29 kati ya Nsalaga na Ifisi ikikamilika, mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Songwe hatasota tena nyuma ya malori ya shaba kuingia mjini.

Lakini fainali ni siku moja. Inakuja leo, kurudi kwake ni baada ya miaka. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, ila Tanzania iliomba ikitegemea Dar es Salaam, Zanzibar na uwanja mpya wa Arusha. Kuipigia Sokoine hesabu ya mashindano ya Afrika ni kununua kitanda cha wageni wakati watoto wanalala chini.

Hesabu ya kweli ni ya siku za kawaida. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila timu ina mechi 15 za nyumbani. Timu mbili ni mechi 30. Toa zile nne za Simba na Yanga, zinabaki 26. Tuchukue mfano tu: kila moja ya hizo 26 iingize watu 1,500 kwa kiingilio cha shilingi 3,000. Ni milioni 4.5 kwa mechi, milioni 117 kwa msimu. Ondoa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya tiketi, zinabaki kama milioni 99, na hapo hujagusa mgawo wa uwanja, ulinzi, gari la wagonjwa na watu wa getini. Na ni fedha za klabu mbili. Anayesema uwanja utajilipa kwa viingilio, au hajapiga hesabu, au ana tenda mfukoni.

Wapinzani wana ushahidi mwingine mzito, nao ni kumbukumbu yetu wenyewe. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza wakiwa na kocha Juma Mwambusi, wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wakiwa chini yao. Uwanja ulikuwa huuhuu, na watu walijaa. Wana Koma Kumwanya, yaani mashabiki wa Mbeya City, hawakuvutwa na kiti cha plastiki. Upande wa pili wa shilingi uko kwa majirani. Iringa ina Samora, lakini Lipuli, waliocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, walishuka mwaka uliofuata na uwanja ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Njombe Mji walikaa juu msimu mmoja tu. Na Ihefu? Pale kwenye uwanja wao wa Highland Estates, Ubaruku, ndipo Yanga walipokatiwa mwendo wa mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Miaka miwili haikuisha, timu ikahamia Singida na kubadili jina. Uwanja hauna magurudumu, uko palepale Mbarali.

Hapo wapinzani wakifunga kesi, wengi tungekubali. Ila wanasahau kitu kimoja: shabiki wa 2013 hakuwa na mbadala. Azam TV ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Leo kila mechi ya maana iko hewani, na kibanda cha kuonyeshea mpira cha Soweto au Uyole kina paa, chai ya tangawizi na marudio ya bao kutoka pembe tatu. Uwanja siku hizi haushindani na uwanja wa mkoa mwingine, unashindana na kibanda. Kwa baridi ya hapa ya Juni, au kwa mvua ya Februari, kibanda kinashinda mapema sana.

Nilikwenda kuangalia mechi moja ya mwezi wa pili kwenye uwanja mmoja wa nyanda hizi, sitautaja. Mvua ilikuwa imenyesha kama dakika ishirini tu, ikakatika. Pasi ya kwanza ilisimama kwenye dimbwi; beki na mshambuliaji wakaupita mpira wote wawili, wakageuka kuutafuta kama watu waliodondosha funguo. Nyuma yangu mama mmoja aliyekuwa anapima karanga za kuchemsha kwa kikombe alifunika beseni lake kwa kanga akasema, "Hawa leo wanalima." Watu wakacheka. Wakati wa mapumziko nikaenda chooni, nikarudi bila kuingia. Niliyekwenda naye, mwalimu anayeipenda timu kuliko mimi, alikuwa amemwacha mkewe nyumbani kwa sababu hiyohiyo ya choo. Hajawahi kumleta tena.

Kwa hiyo swali langu si kama uwanja mzuri unavuta watu. Uwanja mbovu unawafukuza, na unaanza kuwafukuza wale ambao hawakuwa wagumu sana: wanawake, wazee, wenye watoto. Hao ndio wanaojaza zile mechi 26.

Sasa tukarabati nini? Michoro inayopendwa ni ya paa linalozunguka, viti vya rangi na jukwaa la watu mashuhuri. Napenda michoro kama mtu mwingine. Lakini angalieni yaliyotokea Dar es Salaam Mei 2025. Simba walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, na Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Mvua ikanyesha, eneo la kuchezea likashindwa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaihamishia mechi ya marudiano Amaan, Zanzibar. Iliisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Viti vyote 60,000 vilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa chini ya nyasi.

Dar wana mvua za misimu miwili na mapumziko katikati. Sisi tuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ligi inaanzia Agosti mpaka Mei. Maana yake sehemu kubwa ya mechi za ligi inaangukia kwenye maji. Juu ya hapo timu mbili zinatumia nyasi zilezile, na katikati yake kuna mkutano, tamasha, mbio za hisani. Hapa wapenda matukio makubwa wanajipinga wenyewe: kila jukwaa la muziki linalopandishwa katikati ya uwanja, na kila lori la spika linaloingia kupitia kona, linaua kile ambacho kingemfanya shabiki arudi Jumamosi.

Wapo wanaosema dawa ni nyasi bandia, kama Kaitaba pale Bukoba. Zina sifa mbili zinazotufaa sana: zinavumilia mvua zikiwekewa mifereji mizuri chini, na zinavumilia timu mbili. Joto lake, linalolalamikiwa pwani, kwa Mbeya si tatizo kubwa. Bajeti ya serikali ya 2021/22 ilisamehe VAT kwa nyasi bandia za viwanja vya majiji, na Mbeya ni jiji. Kasoro yake ni kwamba baada ya miaka minane, kumi hivi, zinachakaa na kutakiwa kung'olewa zote. Asiyeweza kumlipa mtu wa kumwagilia maji leo ataweza kununua zulia jipya mwaka 2036? Ndiyo maana mimi bado nasita. Nyasi za asili, mchanga wa kutosha, mabomba ya kutoa maji na mtunza uwanja mwenye mshahara na mamlaka ya kusema "leo hapana" vingenitosha.

Viti navyo vina siri ambayo michoro haiisemi. Ukiweka viti vya mtu mmoja mmoja, kama CAF inavyotaka, nafasi inapungua, maana sementi ya mzunguko inabeba watu kwa kubanana. Nafasi zikipungua, siku ya Yanga kiingilio kitapanda. Kijana wa Iyunga anayekuja na buku tatu yake atarudi kibandani, na hapo tutakuwa tumekarabati uwanja ili umkose aliyeupigania.

Kisha kuna lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Sokoine ni mali ya CCM, kama ilivyo Samora ya Iringa, Majimaji ya Songea na viwanja vingine vingi vya mikoani vya enzi ya chama kimoja. Anayesema fedha za umma zisiingie kwenye mali ya chama ana hoja, wala si mpinzani wa mpira. Anayemjibu kwamba viwanja hivi vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi wote kabla ya vyama vingi kurudi 1992, na kwamba kuvitelekeza ni kuwaadhibu wananchi haohao, naye ana hoja. Halmashauri ya Jiji, yenye Mbeya City, na Jeshi la Magereza, lenye Prisons, ni wapangaji tu. Mpangaji hajengi bafu kwenye nyumba ya mtu bila maandishi. Bila mkataba wa miaka ishirini au thelathini, unaosema nani anatunza, nani anachukua mapato ya mlangoni na nani anaidhinisha tamasha, sioni kwa nini benki, serikali au mfadhili aweke hata tofali.

Wenye wazo la kujenga uwanja mpya nje ya mji wanakwepa mgogoro huo, na hilo ni zuri. Ila Sokoine unafikika kwa miguu kutoka stendi na sokoni. Uwanja wa mbali utajaa zile siku nne, na zile 26 nauli ya bajaji itazidi kiingilio.

Kilichobaki ni kalenda. Kazi ya kuchimba na kuotesha inataka ukavu, na ukavu wetu ni Mei hadi Oktoba. Ligi inaisha karibu na Juni na kuanza Agosti. Wiki hizo chache zinatosha kupiga rangi, hazitoshi kutandaza mabomba na kusubiri nyasi zishike mizizi. Kwa hiyo ukarabati wa kweli maana yake ni Mbeya City na Prisons kuhama angalau nusu msimu, Iringa au Sumbawanga, zaidi ya kilomita 300 kwa basi, kwa mechi wanazoziita za nyumbani. Sijasikia mtu yeyote kwenye mjadala huu, wa upande wowote, akitaja nani atalipa mafuta ya hilo basi.