Chura Wangu wa Saa Saba Usiku

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia ile sauti, naomba niieleze mwenyewe. Najua imeshafika kundi la tuliosoma pamoja, imefika kundi la ukoo, na jana fundi viatu wa pale getini, mzee wa umri wa baba yangu, kaniamkia "Shikamoo Daktari Kwikwi." Nikaitikia. Ningefanyaje?

Aliyeisambaza namjua. Tumekula naye ubwabwa sufuria moja miaka mitatu. Toleo lake linasema nilimkimbia chura. Si kweli. Hapakuwa na chura, na hilo ndilo lililoniua.

Mnakumbuka kipindi cha mvua nilikuwa Amani, Usambara Mashariki, mkawa mnaniuliza kila siku lini narudi mjini. Kazi ilikuwa hivi: usiku unavaa taa kichwani, unafuata kijito, unamkamata chura kwa glavu mpya, unamfuta tumboni, mapajani na miguuni kwa kijiti cha pamba, unakitia kijiti kwenye kichupa, unamwachia aende zake. Chura wa pili, glavu nyingine. Tulikuwa tunatafuta kitridi, kuvu inayokaa kwenye ngozi ya chura. Na wewe uliyecheka mara ya mwisho kwamba "chura naye anaugua fangasi", ndiyo, anaugua na anakufa. Chura hanywi kwa mdomo kama wewe, maji anayapitisha kwenye ngozi, na chumvi za mwilini mwake zinalindwa na ngozi hiyo hiyo. Kuvu ikiiharibu, chumvi zinapotea na moyo unasimama.

Muulizeni chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano anayezaa watoto kamili badala ya kutaga. Alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, kwenye korongo moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakachukuliwa kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua, zikawekwa bomba za kunyunyizia, na mwaka 2003 vyura wakaisha kama waliopuliziwa dawa. Kitridi ikakutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wasingekuwa wale mia tano hivi waliopandishwa ndege kwenda Marekani mwaka 2000, tusingekuwa na mbegu ya kurudisha Kihansi mwaka 2012.

Ndiyo maana mimi na buti zangu hatukuwa na mchezo. Vijimelea vya kitridi vinaogelea, vinapanda kwenye tope la soli, unavihamisha kijito hadi kijito wewe mwenyewe mhifadhi. Kwa hiyo kila jioni nasugua buti kwa jiki, mbali na kijito. Siku hiyo sikutaka kushuka bondeni kuchota, nikakorogea jiki kwenye dumu letu la maji ya kunywa. Lote. Babu aliyekuwa anatuongoza msituni aliniangalia, hakusema kitu. Wazee wa kule wana tabia ya kukuacha ujifunze.

Jambo la pili, na hili ndilo limenifukia. Tulikuwa na kinasa sauti cha kufunga kwenye mti, kinarekodi milio usiku kucha. Kila aina ya chura dume lina wimbo wake, jike linawatofautisha, na mtafiti naye akijua wimbo anajua nani yupo bila kumkamata mtu. Kinasa kinataka kuwekewa saa. Simu yangu ilikuwa imezima siku mbili. Nikamuuliza Babu saa ngapi, akanyoosha mkono, nikanakili saa yake kama ilivyo.

Sasa Babu saa yake ameiweka kwa Kiswahili. Saa moja jioni, mshale uko kwenye moja. Hana habari za kujumlisha sita. Nikaingiza kinasani 01:00, nikaenda kula.

Miezi minne baadaye niko mjini, programu inanichambulia mafaili. (Msiniulize kwa nini sikusikiliza mwenyewe. Nani ana muda wa kusikiliza usiku ishirini na tatu wa nyenje?) Ikanikatia kipande cha sekunde arobaini: mlio mfupi, mmoja mmoja, kila baada ya sekunde tisa. Kwik. Kimya. Kwik. Muda: 01:40. Nikasoma kama msomi: saa saba na dakika arobaini usiku wa manane, kambi imelala, hakuna mtu wala kuku. Nikalinganisha na milio yote tuliyonayo. Haipo. Nikamsikilizisha Dokta wangu, anayenisimamia, kile kipande, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Hebu andaa semina."

Usiku huo nikampigia mama. Nikamwambia huenda nimepata chura mpya, na nikipewa nafasi ya kumtaja nitampa jina lake. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani huyo chura amefanana na mimi wapi?"

Semina. Ukumbi umejaa kwa sababu kulikuwa na sambusa. Profesa kakaa mbele, kuna mgeni kutoka chuo kingine, na nyuma kabisa kasimama dereva wa idara aliyekuja kuturekebishia projekta. Slaidi ya kumi na moja, spektrogramu, yaani picha ya sauti, imejaa ukutani, vijistari vyeusi vimesimama kwa nafasi sawasawa kama nguzo za umeme. Nikabonyeza.

Kwik.

Kimya. Mgeni anaandika. Kwik. Nimeinua mkono kama mwalimu wa kwaya.

"Samahani Dokta," ni dereva, "hapo nyuma kuna adhana."

Tukarudisha. Kweli, mbali huko, chini ya nyenje.

"Hiyo ni Isha," akasema. "Ya Alfajiri ingekuwa na swala ni bora kuliko usingizi. Na saa saba usiku hakuna adhana."

Nikasema labda ni redio. Profesa akauliza redio ya nani, msituni. Halafu akasema maneno ambayo nikifa yaandikeni kaburini kwangu: "Usikate. Fungua faili zima, acha iendelee."

Hapa napunguza mwendo, maana hata ninavyoandika masikio yanawaka.

Kwik. Halafu kijiko kikagonga sufuria. Niliona kichwa kimoja safu ya pili kikiinama upande, kama kuku anayesikiliza. Kwik. Sauti ya mtu anatafuna. Mimi nilijua kabla ya wote, kwa sababu ugali mkavu na dagaa wa pilipili usiokuwa na maji ya kuteremshia hausahauliki. Nikakimbilia kompyuta. Kidole kikateleza, badala ya kuzima nikaongeza sauti hadi mwisho.

Spika zote nne za ukumbi: "Ee Mungu wangu, hizi kwik— hizi kwikwi!"

Sauti yangu. Dokta wangu akaangalia dari.

Babu, kwa upole kabisa: "Kunywa maji, mwanangu."

"Maji yame— kwik— yamekwisha Babu, nimekorogea jiki."

Ikafuata kimya. Ukutani mstari wa spektrogramu unatambaa, mweupe, msafi. Mimi nakumbuka sasa kinachokuja, na sina pa kwenda. Mtu mzima unasimama unasubiri aibu yako ikufikie kwa mwendo wake.

"NYOKA! MGUUNI HAPO!"

Na ile sauti. Hiyo mnayoitumiana. "Mama weeee! Mama nakufaaa!" Wenzangu, sikujua nina sauti ya kwanza kiasi kile. Ukutani ikajaza spektrogramu kutoka chini hadi juu, ukuta mzima mweusi. Ikafuata puu ya mimi kuanguka, sufuria inabingirika bondeni na dagaa wake, halafu kicheko cha Babu, kirefu, cha mtu aliyeona tiba yake imefanya kazi.

"Zimekata?"

Na mimi, kasauti kadogo: "Zime... kwik."

Yaliyofuata sitaki kuyarefusha. Sambusa zilimwagika. Profesa alifuta machozi, akanikumbusha kuna chura wa milima ya Ukaguru, aliyetangazwa mwaka 2023, ambaye halii kabisa, na kwamba mimi na yule tungeelewana. Dokta kanipa hadi Ijumaa nirekebishe saa za mafaili yote. Vijiti vya pamba viko salama, asanteni kwa kuuliza, hata kama hakuna aliyeuliza. Babu kapigiwa simu kaambiwa sauti yake imechezwa chuo kikuu, anadai posho.

Mama nilimwambia jana, nikijua jina lake limeshapona. Nikamweleza kwamba hapakuwa na chura, alikuwa mimi.

"Sasa kama huyo chura ni wewe," akasema, "si nimemzaa mimi? Jina libaki lile lile."