Yuglena Hujuaje Juu ni Wapi?

Tia maji yenye yuglena, viumbe wadogo mno wa majini, kwenye mrija, uufunike mwanga usipenye, kisha usubiri. Baada ya muda wengi wao watakuwa wamepanda juu. Mwanga wa kuwaongoza haupo. Uliobaki ni mvutano wa dunia. Naye yuglena ni seli moja tu, urefu wake mikromita (elfu za milimita) 50 hivi. Je, anauhisi mvutano huo, au umbo la mwili wake ndilo linalomgeuza?

Wanaosema ni umbo wana hoja nzito. Ukiondoa nguvu ya maji inayomwinua, uzito wa yuglena unabaki takriban pikonyutoni 1, yaani sehemu moja ya trilioni ya nyutoni, kipimo cha nguvu. Nguvu hiyo ikiusukuma utando wa seli kwa nanomita chache, nishati yake inakaribiana na ile ya molekuli za maji zinazomgonga bila kukoma. Ni sawa na kutega sikio kwa mnong'ono katikati ya makelele. Isitoshe, kiumbe mwenye nyuma nzito au pana kuliko mbele hugeuka mwenyewe akielekea juu. Akiogelea tu, atapanda.

Upande wa pili, wanaosema anauhisi mvutano, hupenda kutaja jaribio la Ficoll, dutu ya jamii ya sukari inayoyeyuka majini. Maji yakikolezwa kwa dutu hiyo hadi msongamano wake ulingane na wa seli, yuglena hupoteza mwelekeo. Ukizidi, huogelea kwenda chini. Wengi huona ubishi umekwisha hapo. Kwangu jaribio hili linafika nusu ya njia. Linaangusha hoja ya nyuma nzito, maana mkia mzito ungeendelea kuelekea chini katika kimiminika chochote. Hoja ya nyuma pana inabaki imesimama: seli ikianza kuelea badala ya kuzama, ukinzani wa maji nao hubadili upande na kuigeuza.

Kilichonishawishi ni jeni. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walizima jeni ya aina moja ya kalmodulini, protini inayopokea ishara za kalsiamu ndani ya seli. Mwanzoni seli ziliharibika umbo na kushindwa kuogelea. Zilipopona, umbo likarudi, mwendo ukarudi, lakini kuelekea juu hakukurudi. Kama umbo lingetosha, seli hizo zingepanda.

Kwa Loxodes, kiumbe mwingine wa seli moja, hata ubishi hauna nafasi kubwa. Ndani ya mwili wake mna vifuko vyenye punje ya salfeti ya bariamu, madini mazito, na vifuko hivyo vikiharibiwa kwa leza, mwelekeo hupotea. Paramesiamu, naye wa seli moja, ndiye mgumu: umbo lake huenda linamgeuza kweli, ila akielekea juu hujisukuma kwa nguvu zaidi, kana kwamba anafidia kuzama.

Hata hivyo, hoja ya udogo haijafa. Bakteria wa mikromita 1 ana uzito mdogo mno. Misukosuko ya molekuli inaumeza wote. Baadhi ya bakteria wa matopeni, ambao Richard Blakemore aliwaeleza mwaka 1975, wanabeba fuwele za magnetiti, madini yenye usumaku, na uga wa sumaku wa dunia unawaelekeza chini kwenye oksijeni haba. Hao hawahitaji kuhisi chochote ili waelekezwe: hata wakifa, miili yao bado hujipanga kufuata uga huo.